Kwa nini miwani ya mama haimfai mwana

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 51, mkazi wa Newala. Kazi yangu ni kubangua korosho kwenye kikundi cha akina mama. Mwaka jana macho yalianza kunisumbua, ganda la ndani la korosho sioni limebaki wapi, nikanunua miwani mnadani yenye kikaratasi cha +2.00 na sasa naona. Kijana wangu wa mwisho ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Mwalimu ameniita akasema ananakili vibaya kutoka ubaoni. Nyumbani anasoma daftari karibu liguse pua, na akitazama mbali anafinya macho. Nikampa miwani yangu ajaribu, akasema ndiyo haoni kabisa. Jirani ananionya kwamba mtoto akizoeshwa miwani macho hulegea na hataiacha tena maisha yake yote. Bora nimlishe karoti na nimnyang'anye simu. Mwingine anasema ni salfa tunayopuliza kwenye mikorosho. Inakuwaje miwani moja inifae mimi, yeye imzidishie? Na ni kweli miwani inaharibu macho?

JIBU: Shikamoo mama. Nakushukuru kwa kuandika ulichokiona mwenyewe nyumbani, maana kimenisaidia kuliko ungeniuliza tu kama miwani inafaa au haifai. Daftari puani, macho kufinywa, miwani yako kumzidishia ukungu: hayo matatu yananipa fununu nzuri, hata kabla kijana hajakaa kwenye kiti changu, kwamba tatizo lake ni kinyume cha lako. Wewe huoni karibu. Yeye haoni mbali. Lenzi inayokufaa wewe ndiyo hasa isiyomfaa yeye, na hakukudanganya aliposema haoni kabisa.

Sitaki uniamini kwa maneno matupu. Kwa kuwa hiyo miwani ya +2.00 unayo mkononi, tufanye jaribio dogo mkiwa wawili, wewe na kijana.

Lifanyeni mchana, nje kukiwa na mwanga mkali. Fungeni madirisha ya chumba, acheni mlango wazi. Ukae ndani kabisa, mbali na mlango, ushike karatasi nyeupe. Kijana ashike miwani kati ya karatasi na mlango, kioo kimoja kikielekea nje, kisha aisogeze taratibu kutoka kwenye karatasi. Mwanzoni mtaona doa la mwanga tu. Kioo kikifika kama nusu mita kutoka kwenye karatasi, doa linageuka picha: mkorosho ulioko ng'ambo ya uwanja, paa la jirani, mbingu, vyote vidogo, vyote na rangi zake, na vyote vimepinduka, mti unaning'inia kichwa chini. Msielekeze miwani kwenye jua lenyewe, wala mtu asitazame jua kupitia kioo hicho, kinaunguza.

Picha ikishatulia, sogeza karatasi mbele kwa upana wa kiganja. Inavurugika. Irudishe. Sasa isogeze nyuma. Inavurugika tena. Kioo hakijabadilika, mti haujabadilika. Kilichobadilika ni mahali ilipo karatasi.

Jicho ni chumba hichohicho, ila kina urefu wa milimita 24 hivi. Mlango wake ni mboni, lile tundu jeusi la katikati. Karatasi yake ni retina, utando laini uliotandikwa ukuta wa nyuma, ambao hupokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Kinachokusanya mwanga ni vioo viwili vya asili: konea, ile ngozi angavu ya mbele, ambayo hufanya takriban theluthi mbili ya kazi yote, na lenzi iliyokaa nyuma ya mboni. Hata ile picha ya kupinduka imo. Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota kutoka Ujerumani, aliandika mwaka 1604 kwamba picha ndani ya jicho hukaa kichwa chini, na ni ubongo unaotupa dunia iliyosimama wima. Kila ninapomweleza mtu jambo hili kliniki huniangalia kama namtania, ndiyo maana napenda aone kwanza mti wake mwenyewe ukining'inia kwenye karatasi.

Kwa hiyo kuona vizuri ni suala la vipimo: picha iangukie juu ya retina, si mbele yake, si nyuma yake. Jicho la mtoto asiyeona mbali kwa kawaida limerefuka kupita kiasi. Ukuta wa nyuma umesogea, picha inatulia kabla ya kuufikia, na inapoufikia imeshaanza kuvurugika. Milimita moja tu ya ziada inatosha kumpa mtu namba inayokaribia tatu. Hali hiyo kwenye cheti huandikwa mayopia, na dawa yake ni lenzi mbonyeo, nyembamba katikati na nene pembeni, ambayo hutawanya mwanga kidogo kabla haujaingia ili picha isogee nyuma hadi kwenye retina. Namba zake huanza na alama ya kutoa.

Yako ni lenzi mbinuko, nene katikati, na kazi yake ni kukusanya mwanga. Ukimvisha kijana ambaye picha yake tayari inaanguka mbele mno, unaivuta mbele zaidi.

Hata kiasi cha kumzidishia kinaweza kuhesabiwa. Namba za miwani hupimwa kwa dioptri, na dioptri haina fumbo: gawa moja kwa namba, unapata mita. Miwani yako ni +2.00, moja gawa kwa mbili ni nusu mita, ile nusu mita mliyoipima kwenye karatasi. Sasa tuchukulie kijana ana −2.00. Maana yake bila miwani anaona vizuri hadi nusu mita kutoka usoni mwake; kinachozidi hapo kinaanza ukungu. Ukimwongezea +2.00 yako, mpaka wake unarudi hadi sentimita 25. Daftari atalisoma. Ubao ulio mita nne mbele yake unakuwa wingu.

Ninyi wa Newala mna kipimo ambacho sisi wa Mtwara mjini hatuna. Siku mkipita ukingoni mwa Shimo la Mungu, simama naye umuulize anaona nini kule chini. Wewe, pamoja na miaka yako 51, huenda unauona mto Ruvuma ukikatiza bondeni na vilima vya Msumbiji ng'ambo. Yeye atakutajia rangi: kijani, kijivu, weupe. Usimuulize kama anaona vizuri, maana atakujibu ndiyo. Mtoto ambaye hajawahi kuona mbali hana cha kulinganisha nacho; anadhani hivyo ndivyo wote tunavyoona.

Namkumbuka mvulana mmoja aliyeletwa na mwalimu wake, shule moja ya huku kusini. Alikuwa ameshachapwa kwa kunakili hovyo, na ameshakubali moyoni kwamba yeye ni mzito. Nilimweka kwenye kiti, nikamvisha fremu ya majaribio, nikaanza kupachika lenzi moja moja. Ilipoingia ya −3.25 hakuutazama ubao wa herufi niliomwonyesha. Aligeuka akamtazama mwalimu aliyekaa kwenye benchi mlangoni, akakaa kimya, kisha akagusa shavu lake mwenyewe akasema, "Kumbe mwalimu una kovu hapa." Alikuwa amefundishwa na mwalimu huyo mwaka mzima na zaidi. Mwalimu aliinama. Sikuwa na la kuongeza.

Ndiyo sababu swali la jirani yako, kama miwani inaharibu macho, silichukulii kama porojo la kibarazani. Linawanyima watoto miwani. Na watu hawalisemi bure, kuna kitu wamekiona: mtoto anapewa −1.50 akiwa na miaka 12, anarudi na miaka 14 anapewa −2.25, na miaka 16 anapewa −3.00. Anayetazama kwa nje anaona miwani imeingia, namba imepanda, basi miwani ndiyo mchawi. Lakini tazama viatu. Kijana wako akiwa darasa la tano ulimnunulia viatu, mwaka uliofuata vikambana, ukanunua vikubwa zaidi. Hakuna aliyesema viatu vimemrefusha mguu. Mguu ulikuwa unakua, na jicho nalo hukua. Kwa wenye mayopia hurefuka kuliko inavyotakiwa hadi mwishoni mwa ujana, avae miwani asivae.

Wapo waliojaribu kufanya kama jirani anavyoshauri, kwa utaratibu wa kitaalamu. Katika utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002, watoto wenye mayopia waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa namba yao kamili, wengine walipewa namba pungufu makusudi, kwa matumaini kwamba macho "yatajitahidi". Baada ya miaka miwili, ni hawa wa namba pungufu ambao macho yao yalikuwa yameharibika zaidi kuliko ya wenzao. Kwa hiyo ninapomwandikia mtoto namba kamili simdekezi.

Halafu kuna hilo la "hataiacha tena". Ni kweli hataiacha, kwa sababu ameshaona. Kabla ya miwani ukungu ulikuwa ndiyo dunia yake. Akishaujua ubao ulio safi, akivua anauhisi ukungu uleule wa zamani kana kwamba umeongezeka. Hapo macho hayajalegea. Kilichotokea ni kwamba ameanza kuudai uoni ambao wewe na mimi tumekuwa nao siku zote bila kushukuru.

Karoti mpe, na si karoti peke yake: mchicha, kisamvu, maembe, papai bivu, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyote vina kile kinachojenga vitamini A, na mtoto anayeikosa kabisa anaweza kupata upofu wa usiku na hata kuharibika konea. Lakini hakuna chakula kinachofupisha jicho lililorefuka. Simu nayo mpunguzie, ila ujue unachotarajia. Kazi ndefu ya karibu, iwe simu iwe kitabu, inahusishwa na mayopia. Kumnyang'anya simu leo hakutamrudishia milimita iliyokwisha kuongezeka. Kilichoonekana kusaidia katika tafiti za watoto wa shule huko China na Taiwan ni kukaa nje mchana kwenye mwanga wa asili, saa mbili hivi kwa siku, na husaidia zaidi kuchelewesha tatizo lisianze. Mtoto wa Newala anayetembea kwenda shule na kucheza mpira jioni ana bahati hiyo bila gharama. Kama ana wadogo au binamu hapo nyumbani, wasifungiwe ndani na vitabu siku nzima kwa kisingizio cha kusoma.

Salfa ni habari nyingine kabisa, na nitaisema haraka. Vumbi la salfa tunayopuliza dhidi ya ubwiri unga linawasha macho, linayafanya mekundu, linatoa machozi, na mtu anaweza kuona ukungu kwa muda. Halibadilishi urefu wa jicho wala namba. Dawa yake ni miwani ya kujikinga iliyoziba pembeni, kusimama upande upepo unakotoka, na kunawa kwa maji mengi safi. Wewe mwenyewe kwenye ubanguaji ogopa zaidi mafuta ya ganda la korosho, yanaunguza. Usifikiche jicho na mikono yenye mafuta hayo, na yakikuingia osha jicho kwa maji safi robo saa nzima kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Nakusihi, wewe na majirani: msitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama, wala maji ya sukari. Nimeona macho ambayo yalikuja na muwasho tu yakaondoka na kovu jeupe kwenye konea, na kovu hilo hakuna miwani inayolifuta.

Sasa tuje kwako, mama, maana nimeona umejiweka pembeni kama vile suala lako limekwisha.

Ulichopata hakitokani na urefu wa jicho. Lenzi ya ndani, ile iliyo nyuma ya mboni, ukiwa mtoto ni laini, na msuli unaoizunguka huifanya inenepe unapotazama karibu. Mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma kitu kilicho sentimita nane tu kutoka jichoni. Lakini lenzi hiyo hugumuka mwaka hadi mwaka, kwa kila binadamu, aliyesoma na asiyesoma. Baada ya miaka 40 mtu anaanza kuusogeza ujumbe wa pesa kwenye simu mbali kidogo. Akifika 50 mpaka wake wa karibu umeshafika kama nusu mita, na mkono unaelekea kuisha. Tunaita presbiopia. Si ugonjwa, ni umri. Namba hupanda polepole hadi miaka 60 au zaidi kidogo, huko hufika kama +2.50 au +3.00 kisha hutulia. Ikipanda usimlaumu aliyekuuzia.

Na wala usione ni jambo dogo la wazee. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na kuendelea, watu ambao kama ninyi riziki yao iko kwenye vidole na macho ya karibu. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliwazidi wenzao ambao hawakupewa kwa karibu asilimia 22 katika kiasi cha chai walichochuma kwa siku. Nilipousoma niliwakumbuka wabanguaji wetu. Mama anayebangua kwa kupapasa anavunja korosho ambayo ingebaki nzima, na bei ya nzima na ya vipande wewe unaijua kuliko mimi. Na hapo sijataja faida ya kusoma stakabadhi ya chama cha msingi, kilo ngapi zimeandikwa na makato yapi, kwa macho yako bila kumwita mtoto.

Miwani ya mnadani siikatai. Kwa presbiopia peke yake, kama macho yako mawili yako sawa, inafanya kazi, na +2.00 kwa umri wa miaka 51 ni namba ya kawaida kabisa. Ila imetengenezwa kwa mtu asiyejulikana: vioo viwili vyenye namba moja, na umbali kati yake umekadiriwa tu. Jaribu hivi: ivae, shika ukurasa wa kitabu umbali unaobangulia, funika jicho la kulia, soma, kisha la kushoto. Kama jicho moja linasoma na jingine linahangaika, hiyo si yako. Kama inakupa kichwa au kizunguzungu baada ya nusu saa, nayo si yako. Na usitembee nayo barabarani. Kwa mbali inakugeuza kuwa kama kijana wako, dunia safi inaishia nusu mita, na ngazi ya mlango utaikosea. Ukichoka kuivaa na kuivua, ipo miwani ya sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya karibu, ambayo huagizwa baada ya kupimwa.

Jambo moja mnada hauwezi kukufanyia ni kukutazama ndani ya jicho. Kuanzia miaka 40 presha ya macho inaweza kuwa inakula mshipa wa fahamu wa jicho pole pole bila maumivu, na mtu anaendelea kusoma herufi ndogo huku akipoteza pembeni. Mtoto wa jicho naye huanza kama ukungu ambao watu hudhani ni namba ya miwani. Kama una kisukari, ndiyo kabisa usikae. Kwa hiyo siku utakayompeleka kijana, upimwe na wewe. Nauli ni moja.

Kabla hamjaenda, kuna kipimo kidogo cha nyumbani. Chukua kipande cha boksi la kiberiti, utoboe kwa sindano tundu moja la kama milimita moja. Kijana asimame upande wa pili wa chumba, afunike jicho moja, atazame kalenda ukutani kwa jicho tupu, kisha kupitia tundu. Tundu hupitisha mwanga wa katikati tu, ule ambao hauhitaji kupindwa sana, na ndiyo sababu pia anafinya macho: anatengeneza tundu kwa kope zake. Herufi zikitakata kupitia tundu, kuna matumaini makubwa kwamba lenzi zitamsaidia. Zisipobadilika kabisa, usisubiri. Huenda tatizo liko kwenye kioo cha asili au retina, na hapo anahitaji daktari wa macho kabla ya miwani. Hiki ni kipimo cha kukuharakisha, hakichukui nafasi ya kliniki.

Nasema hivyo kwa sababu mayopia si jibu pekee linalowezekana. Wapo watoto wenye jicho fupi, picha yao inataka kuanguka nyuma ya retina. Kwa kuwa lenzi yao bado laini wanaivuta kwa nguvu za msuli, wanaona ubao vizuri, na kinachowasaliti ni kichwa kuuma jioni, kuchukia kusoma, au kwa walio wadogo, jicho kuingia ndani likawa kengeza. Huyo ndiye anayehitaji lenzi mbinuko kama yako, ingawa kwa sababu tofauti. Na kengeza la mtoto mdogo lisingojewe limtoke lenyewe: ubongo ukizoea kulipuuza jicho moja hadi akapita miaka saba au minane, kulirudisha kunakuwa kugumu sana, hata kwa miwani sahihi.

Wapo wengine ambao konea yao haikuviringana kama mpira bali imebonyea upande mmoja kama mgongo wa kijiko. Mwanga hautulii mahali pamoja, unatulia pawili. Hawa taa ya bodaboda usiku huwatokea na mikia, na husoma H wakidhani ni N. Ni astigmatizimu, inaweza kukaa peke yake au pamoja na mayopia, na lenzi yake ina nguvu upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo huwekwa kwenye fremu kwa pembe maalumu, inayopimwa kwa nyuzi. Fremu ikipinda, lenzi hiyo haifanyi kazi yake tena.

Anzieni kliniki ya macho ya hospitali ya wilaya yenu, mkiuliza kwanza ni siku gani mpima macho yupo. Wakiona inabidi watawaandikia rufaa kuja hospitali ya Ligula, huku Mtwara mjini. Kijana atasomeshwa herufi kutoka mita sita, jicho moja moja. Kipimo hicho kilianzishwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862 na hatujakiacha. Akiandikiwa 6/60 maana yake anachokisoma yeye kwa mita sita, mwenye macho mazima angekisoma akiwa mita sitini. Wanaweza kumtia matone ya kulegeza msuli wa ndani, hasa kwa sababu ni kijana na lenzi yake inaweza kutudanganya. Mboni zitapanuka, mwanga utamuumiza, na vitu vya karibu hataviona vizuri kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Ajifunike kofia, asiende shule siku hiyo. Si dawa mbaya.

Kisha lenzi za majaribio: "Hii, au hii?" Mwambie hakuna jibu la kufeli. Watoto wetu wamezoea kumpa mkubwa jibu analolitaka, wakiona naelekea lenzi fulani wanasema ndiyo. Aseme anachokiona. Zikilingana, aseme zimelingana.

Mtatoka na cheti. Tuseme kimeandikwa RE −1.75, LE −2.25/−0.50 × 180. Usiogope. RE ni jicho la kulia, LE la kushoto. Namba ya kwanza ni mayopia yake. Ile −0.50 ni astigmatizimu kidogo, na 180 ni nyuzi ambazo lenzi italalia. Hakikisha pia wamempima umbali kati ya mboni mbili, kwa milimita, na wameuandika. Fundi akiukosea, namba sahihi inakuwa miwani ya kuumiza kichwa. Cheti ni chako, kitunze, una haki ya kukipeleka kwa fundi yeyote. Kwa kijana anayecheza mpira chukua lenzi za plastiki, si za kioo, na fremu imara kuliko fremu ya kupendeza, lakini mwache achague rangi mwenyewe, maana asiyeipenda ataificha kwenye begi.

Siku za kwanza sakafu inaweza kuonekana imeinama na kichwa kumgonga kidogo. Aivae tu, wiki moja, wakati mwingine mbili, inapita. Isipopita mrudisheni, huenda kuna kosa la namba au la fundi, na ni kazi yetu kulirekebisha. Asiifute kavukavu kwa shati wala khanga. Vumbi letu jekundu lina mchanga na linachana lenzi. Najua maji ya Newala si ya kumwaga, lakini nusu kikombe na tone la sabuni vinatosha kwa siku. Arudi kupimwa kila mwaka hadi amalize shule, mapema zaidi akianza tena kufinya macho.

Hadi miwani yake ifike, nenda ukamwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele, katikati, na awe na mwenzake wa kumsomea kilichoandikwa ubaoni. Mweleze mwalimu kwa nini. Na ile +2.00 irudishe kwenye mfuko wako wa kazini. Msimu wa kubangua utaihitaji.